Kisima Namba Tisa

Katika ofisi ile ya jarida, makala haikuchapwa kabla haijaanikwa. Si mzaha. Kwenye ujia wa ghorofa ya pili, kuanzia mlango wa stoo mpaka mlango wa mhariri, ilifungwa kamba ya nailoni, kamba hasa ya kuanikia nguo, pamoja na vibanio vya plastiki vya rangi mchanganyiko. Makala ikishasomwa na wakaguzi na kukubaliwa, ilitolewa kwenye karatasi ikabanwa pale, ukurasa baada ya ukurasa, ikakaa siku saba. Yeyote anayepita, awe profesa, awe mlinzi, awe mgeni anayeuliza choo kiko wapi, alikuwa na ruhusa ya kusoma. Akiona kasoro, au akiona jasho la mtu mwingine limevishwa nguo mpya, aliandika kikaratasi, akatia jina lake, akakibana pembeni. Kikaratasi kisicho na jina kilikwenda kapuni. Mwanzilishi wa jarida, Mungu amrehemu, alikuwa akisema anayemtaja mwizi naye aonyeshe uso.

Lakini hayo yalikuwa ya zamani. Tangu iletwe programu ya kompyuta ya kukagua wizi wa maandishi, watu walipita chini ya kamba ile wakiinamisha vichwa tu, na siku za mvua wengine waliitundikia miavuli. Mhariri mwenyewe, mama mmoja mfupi aliyeitwa Mama Nukta kwa sababu akishasema limekwisha, aliiacha kamba ibaki kama mtu anavyoacha saa ya marehemu baba ukutani, hata kama haitembei.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeisoma kila siku, naye ni msichana wa stoo.

Walimwita Polepole. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya stoo yenye dirisha moja, kufungua majuzuu ya zamani ya jarida yaliyokuwa yamekula vumbi miaka thelathini, na kuyapitisha kwenye mashine ya kuskani ukurasa mmoja mmoja. Wenzake wawili waliomtangulia waliikimbia kazi hiyo kabla ya mwezi kuisha. Mmoja alisema mashine ile inamkodolea macho. Polepole alikuwa na mwaka wa tatu sasa. Shule yake iliishia darasa la saba, ila alikuwa na subira ya mtu anayechambua mchele wa shughuli, na macho yasiyoruka kitu.

Kazi hiyo alipewa na Dokta. Si dokta wa sindano, wa vitabu. Alikuwa mhadhiri wa mambo ya maji, jirani yao nyumba ya tatu, na siku moja alileta suruali ifupishwe kwa mama mdogo wa Polepole, fundi cherehani, akamkuta msichana anamsomea mama yake mdogo maandishi ya pakiti ya sindano. Alisoma yote, mpaka onyo la watoto, mpaka anwani ya kiwanda.

"Mama, huyu binti yako ana ugonjwa gani?" Dokta aliuliza akicheka.

"Ugonjwa wa kumaliza," mama mdogo alijibu, pini mdomoni. "Akianza kitu lazima akifikishe mwisho. Hata ugomvi."

"Basi kesho anifuate kazini. Kuna watu wanamtafuta mgonjwa wa aina hiyo."

Hivyo tu. Tangu siku hiyo mama mdogo hakumtoza Dokta hata uzi, na kila alipopita nje alimpigia salamu mpaka mtaa wa pili ukaitikia.

Polepole hakuelewa kila alichokiskani. Makala zilijaa maneno aliyoyaruka kama mtu anavyoruka madimbwi. Lakini mwishoni mwa kila makala palikuwa na sehemu fupi iliyoitwa Shukrani, na hiyo aliielewa neno kwa neno. Huko wasomi walirudi kuwa watu. Mmoja alimshukuru mkwewe kwa kumwazima baiskeli. Mwingine alimshukuru paka wa ofisi kwa kulinda mbegu zisiliwe na panya. Polepole alizisoma zote, kisha ndipo akageuza ukurasa. Alikuwa akimwambia mama mdogo kwamba ukitaka kujua dunia inakwendaje, usisome walichogundua, soma waliowasaidia.

Mwaka ule Dokta alikuwa akitafuta uprofesa. Alikuwa na makala zote zilizotakiwa isipokuwa moja, na hiyo moja ilipoanikwa, Dokta alipita ujiani akijifanya anatafuta mtu. Ilihusu maji ya visima kumi na vinne vya kitongoji kimoja nje ya mji.

"Asilimia tatu tu, Dokta!" fundi wa kompyuta alimpigia kelele kutoka mlangoni. Maana yake, programu ilikuwa imekuta maneno machache mno yanayofanana na ya watu wengine. "Makala safi kuliko maji yenyewe!"

"Tuombe Mungu," Dokta alisema, na hakucheka.

Siku ya nne, saa ya chai, Polepole alisimama chini ya kamba na kikombe chake. Aliisoma makala ya Dokta kwa fahari, kama unavyosoma barua ya kaka. Alifika kwenye jedwali. Kisima namba moja, namba mbili, akashuka taratibu na kidole. Namba saba. Namba nane. Namba kumi.

Alirudi juu akahesabu upya. Visima kumi na vinne, kweli, lakini cha mwisho kilikuwa namba kumi na tano. Namba tisa haikuwapo.

Mtu mwingine angesema makosa ya kuchapa. Polepole aliweka kikombe sakafuni. Namba tisa hiyo aliifahamu. Alishawahi kuambiwa ilikokwenda.

Aliingia stoo, akafunga mlango, akashusha juzuu ya kumi na mbili. Makala ya visima ilikuwa katikati, kazi ya mtafiti mmoja mwanamke ambaye tanzia yake ilitoka juzuu mbili mbele, picha yake ndani ya mstari mweusi. Eneo lilikuwa jingine, sentensi zilikuwa nyingine, tarakimu zilitofautiana kidogo kidogo mwishoni kama mtu aliyevaa kofia ili asitambulike. Lakini visima vilikuwa kumi na vinne, na namba tisa haikuwapo. Na chini, kwenye Shukrani, yalikuwapo maneno ambayo Polepole aliyasoma mwaka uliopita akakaa nayo siku nzima:

"Tunamshukuru mama wa nyumba ya tisa. Tulifika kwake siku ya pili baada ya kumzika mwanawe, nasi hatukujua. Alitupa viti, akatunywesha maji ya kisima hichohicho, lakini alituomba tusitumbukize vyombo vyetu humo. Hatukupima. Namba yake tumeiacha wazi, hatukumpa mwingine, ili atakayesoma ajue kwamba palikuwa na mtu."

Dokta alichukua kila kitu, akaacha Shukrani. Nani anazisoma? Kwa hiyo hakujua kwamba pengo lile lilikuwa na mwenyewe.

Programu isingeweza kumkamata. Kurasa za Polepole zilikuwa bado picha. Fundi wa kompyuta alikuwa hajazigeuza kuwa maneno kupita juzuu ya tano, na kwa kompyuta picha ya ukurasa ni sawa na picha ya ukuta. Duniani, siku hiyo, aliyejua alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akila mkate wake kwa fadhila ya Dokta.

Jioni mama mdogo alikuwa akipinda sketi za shule, rundo hili hapa na rundo lile pale. Polepole alimweleza bila kutaja mtu. Mama mdogo alisimamisha mguu kwenye cherehani.

"Ni Dokta."

"Sijasema ni Dokta."

"Ungekuwa ni mwingine ungekuwa umeshakula." Alikata uzi kwa meno. "Nisikilize, mwanangu. Aliyekutoa hapa kwenye vitambaa akakuweka kwenye kiti ni nani? Fadhila za punda ni mashuzi, hayo tunayasema kila siku. Sikulea punda mimi."

"Mama, yule mwanamke amekufa. Hawezi kuja kudai."

"Basi kama amekufa hajali."

"Na yule wa namba tisa?"

Mama mdogo alikanyaga cherehani, sketi ikapita, ikapita nyingine, ya tatu akaishona upande wa ndani nje. Alianza kuifumua. Huyo alikuwa mtu ambaye mwaka mmoja kabla ya kumlea Polepole alizika mtoto wake mwenyewe, na katika nyumba ile jambo hilo halikutajwa ila kwa kutotajwa.

"Walimwachia namba yake?" aliuliza baadaye, macho kwenye mshono.

"Walimwachia."

"Watu wazuri." Alifumua mpaka mwisho, akaikung'uta sketi. "Sasa sikia. Mtu suruali ikimchanika nyuma, hupigi kelele sokoni. Unamfuata, unamnong'oneza. Akishaambiwa akaamua kutembea hivyohivyo, hayo ni yake. Nenda kwake kwanza. Lakini nenda."

Asubuhi ya siku ya sita Polepole alibisha mlango wa Dokta, juzuu ya kumi na mbili kwapani. Dokta alikuwa akimenya chungwa juu ya gazeti.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Polepole. Kaa. Mama mdogo hajambo? Mwambie lile koti langu..."

"Dokta, namba tisa iko wapi?"

"Namba tisa ipi?"

"Ya kisima. Kwenye makala yako. Kipo cha nane, kipo cha kumi."

Aliifungua makala kwenye meza, akatafuta. Polepole alimwangalia anavyotafuta, na hapo ndipo alipojua kwa hakika, kwa sababu mtu aliyepima visima kwa mikono yake asingehitaji kutafuta. Angekumbuka matope.

"Ni makosa ya uchapaji," Dokta alisema.

Polepole aliweka juzuu mezani, ikiwa imefunguliwa. Dokta aliona jedwali, na chungwa likabaki mkononi linadondosha maji juu ya gazeti.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mama Nukta?"

"Hajui."

"Kwa hiyo wewe." Sauti yake ilipanda. "Wewe na darasa la saba lako umekuja kunifundisha utafiti! Nilikutoa kwenye vumbi la chaki za vitambaa, leo unakuja kunivua nguo ofisini kwangu?"

"Ndiyo sababu nimekuja kwako, Dokta. Ningetaka kukuvua ningekwenda kwenye kamba." Polepole aliisukuma juzuu karibu na Dokta. "Sijasahau ulichonitendea. Kila asubuhi nikifungua ile stoo nakushukuru. Nimeshindwa tu kujua nitakushukuruje nikiwa nimenyamaza. Soma hapo chini, tafadhali. Hiyo ndiyo sehemu ninayoielewa mimi."

Alisoma. Ilikuwa mistari sita tu, lakini alikaa nayo muda wa kumaliza kitabu.

"Vitatu nilivipima mwenyewe," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini sana. "Vitatu vya kwanza. Kisha barabara ikakatika kwa mvua, na tarehe ya mwisho ikawa inakuja. Kitabu kama hiki nilikirithi kwa mwalimu wangu. Nikasema... nani anakikumbuka?"

Polepole alisimama. "Kesho saa sita mchana siku saba zinakwisha. Ikiwa bado imeanikwa, nitabana kikaratasi. Na jina langu." Alifika mlangoni akageuka. "Sitaandika neno mwizi, Dokta. Nitaandika ukurasa tu."

"Toka," Dokta alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba maji.

Siku ya saba Polepole hakuskani hata ukurasa. Saa nne alichungulia ujiani: makala ipo. Saa tano: ipo. Alimwona mfagizi akipitisha ufagio chini yake, akamwona mtu akitundika mwavuli mkavu. Alijua kazi hii akiipoteza hakuna mlango mwingine utakaomfungukia na cheti cha darasa la saba. Alijua pia watu watakavyosema mtaani: lile jeuri la stoo, limemchoma aliyelibeba. Saa sita kasoro dakika tano makala ilikuwa bado inaning'inia.

Alichukua kikaratasi. Aliandika: "Namba tisa haipo. Tazama juzuu ya kumi na mbili, ukurasa wa themanini na nane, mpaka mwisho wa Shukrani." Alitia jina lake lote, la kwake, la baba na la babu, ili kusiwe na wa kusingiziwa. Alichagua kibanio cha kijani, akabana. Kibanio kililia ta! na ujia mzima ukawa kama umesikia.

Mlango wa mhariri ukafunguka.

"Wewe," alisema Mama Nukta. "Hebu njoo na hicho."

Ndani, kwenye kiti cha wageni, alikuwa amekaa Dokta.

Polepole alisimama mlangoni. Mama Nukta alivaa miwani, akasoma kikaratasi mara mbili, akakiweka juu ya karatasi nyingine iliyokuwa mezani, barua yenye sahihi.

"Huyu bwana yuko hapa tangu saa mbili asubuhi," alisema. "Ameleta barua ya kuiondoa makala yake, na ameeleza kwa nini. Ameniambia kuna mtu alimfuata kumwonya. Nimemuuliza mara tatu ni nani. Amekataa. Amesema nimwadhibu yeye, mtu huyo nimwache na kazi yake."

Polepole alimtazama Dokta. Dokta alitazama sakafu.

"Alitaka kwenda kuishusha mwenyewe. Nikamwambia iache mpaka saa sita. Mwaka wa sita huu, binti, sijaona kikaratasi kwenye ile kamba. Wiki ijayo bodi inakaa, na nilikuwa nimeshaandika pendekezo tuifungue tuitupe, maana tuna mashine. Nikataka kuona kama mtu huyo yupo kweli, na kama yupo, atasimama au atakaa." Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mimi nilisoma makala hii mara mbili. Wakaguzi wawili waliisoma. Mashine iliisoma. Ingetoka na jina la jarida letu juu yake, na yule dada, niliyemjua, aliyekaa kwenye kiti hichohicho akinywa chai, angeibiwa akiwa kaburini na mimi ndiye nimeshika mlango. Ahsante. Ahsante sana, mwanangu."

Hakuna aliyewahi kumsikia Mama Nukta akisema neno moja mara mbili.

Kisha akamgeukia Dokta, nukta ikarudi. Makala itaondolewa. Barua itaingia kwenye faili lake. Miaka miwili hataleta kitu kwenye jarida lile, na maombi ya uprofesa atayarudisha mwenyewe, kwa mkono wake, aeleze sababu. Kazi ya kufundisha itabaki, kwa kuwa alikuja kabla ya kikaratasi. "Ungekuja saa sita na dakika moja," alisema, "tungekuwa tunaongea lugha nyingine."

"Nashukuru," alisema Dokta.

"Usinishukuru mimi."

Wiki tatu zilipita bila Dokta kuonekana mtaani. Mama mdogo aliendelea kupiga salamu mlangoni mwake kama kawaida, hata pasipokuwa na wa kuitikia. Alisema salamu ni ya mlango pia. Polepole aliingia na kutoka kazini, akifika nyumba ya tatu anatembea kwa upande wa pili wa barabara. Ofisini fundi wa kompyuta alipewa amri ya kuzigeuza picha zote za stoo kuwa maneno kabla ya mwaka kwisha, akawa anamwita Polepole "afande". Polepole akalizoea jina hilo.

Jumamosi moja asubuhi Dokta alisimama mbele ya cherehani. Alikuwa amekonda kidogo, na amevaa mabuti ya mpira.

"Hodi hapa."

"Karibu, Dokta!" mama mdogo aliruka. "Kiti! Mwanangu, kiti!"

Polepole alileta kiti. Dokta hakukaa.

"Mama, mwaka huu sipandi cheo," alisema. "Mke wangu alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniambia nimeacha kusaga meno usingizini. Miezi minne nilikuwa nasaga meno, kumbe, mimi sijui." Alimgeukia Polepole, akatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. "Siku ile nilikutukana. Nimekuja kukuomba radhi, na nimekuja kukushukuru, na sijui nianze na lipi."

"Dokta, mimi ndiye..."

"Hapana, ngoja. Ile karatasi ingetoka, ningeishi nayo. Kila mwanafunzi anayeikariri, ningekuwa nakaa nasubiri afike namba nane. Umeniondolea hicho. Wenye shahada wamejaa jengo zima, hakuna aliyenipenda kiasi hicho."

Mama mdogo alijifanya anatafuta pini sakafuni.

Polepole alikuwa hajawahi kushukuriwa na mtu mzima aliyesimama. Alitafuta pa kuweka mikono. Mwishowe aliitikia kwa kichwa, akayatazama mabuti ya Dokta, akauliza kitu pekee alichokuwa na haja ya kukijua.

"Umefika kisima cha ngapi?"

"Cha sita. Leo naanza cha saba. Mwenye nyumba ni mzee mkali, jana ameniachia mbwa."

"Bisha hodi kwanza, Dokta. Kisha kaa uzungumze naye. Usitoe vyombo."

"Nimeshajifunza," alisema Dokta. Aliinama akakaza kamba ya buti, akaaga, akashika njia ya kuelekea nje ya mji, na mama mdogo akampigia salamu mpaka mtaa wa pili, naye safari hii akaitikia.